Chekechea imefungwa, bosi anadai kazi, nami nimeshaandika barua ya kuacha ajira

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kike ana miaka 4, wa kiume ana mwaka mmoja na nusu. Ni mhasibu. Mume wangu naye ameajiriwa, na tangu ofisi zetu zifungwe mwaka huu wa 2020 kwa sababu ya korona, sote wawili tunafanyia kazi nyumbani. Chekechea ya watoto ilifungwa wiki hiyohiyo. Tuliambiwa ni wiki mbili tu, lakini hadi leo hakuna anayetutajia tarehe ya kufunguliwa.

Nyumba yetu ina chumba kimoja chenye meza na mlango unaofungika vizuri. Mume wangu ndiye anayekitumia. Anaingia asubuhi, anatoka kula, anarudi. Kompyuta yangu iko sebuleni kwenye meza ya chakula, na watoto wako hapohapo sebuleni. Hatukuwahi kukaa tukapanga iwe hivyo. Ilitokea tu siku ya kwanza, kesho yake ikajirudia, na sasa imekuwa kama sheria.

Nikifungua kazi, mdogo anavuta waya wa kompyuta. Nikimtoa hapo, anapanda kiti. Dada yake namwashia katuni asubuhi, na mara nyingi zinaendelea hadi mchana. Kwenye mikutano ya mtandaoni nazima kamera na maiki, nabadilisha nepi huku nasikiliza, na jina langu likitajwa nakuwa sijui tumefika wapi. Wiki iliyopita bosi aliniuliza mbele ya wenzangu wote kama nyumbani kwangu hakuna mtu wa kushika watoto. Mume wangu hajawahi kuulizwa swali hilo, ingawa watoto ni walewale na nyumba ni ileile. Watoto wakishalala saa 2 usiku ndipo naanza kazi ya kweli. Naimaliza saa 7 usiku, na saa 12 asubuhi mdogo ameshaamka.

Nimezungumza na mume wangu. Anasema mshahara wake ndio mkubwa, kazi yake ikiyumba tumekwisha. Tena anasema hata akiwachukua watoto, wananililia mimi. Si mtu mbaya, shangazi. Jioni huwaogesha na kucheza nao. Ila anaona kama mchana ni wangu.

Mama mkwe amesema yuko tayari kuja kutusaidia. Ana miaka 68 na ana shinikizo la damu. Natamani sana aje, lakini nikifikiria tukimletea ugonjwa nakosa usingizi hata huo mdogo nilionao.

Binti yangu alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Juzi nilimsikia akimwambia mdoli wake, "Nyamaza, mama yuko kwenye simu." Nililia.

Chekechea nayo inadai nusu ya ada ilhali milango imefungwa. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko kwenye kompyuta, sijaituma. Niitume?

Mama wa wawili


Marahaba, mwanangu.

Usiitume. Sikwambii uifute, iache hapo ilipo. Huenda siku moja ukaihitaji, na mwanamke anayeacha kazi ili alee wanawe hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Ninachokataa ni kuituma sasa. Unapata usingizi wa saa 5 tu kwa usiku, na hali hiyo imeendelea kwa wiki nyingi. Mtu aliyechoka kiasi hicho hukubali mlango wowote ulio wazi, mradi atoke. Halafu kuna jambo barua yako imeniambia bila wewe kulitaja: ninyi bado hamjajaribu kulea kwa zamu. Mmejaribu mpangilio mmoja tu, wa baba chumbani na mama sebuleni, na wewe mwenyewe unasema hakuna aliyeupanga.

Kabla ya kufika huko, nataka utue mzigo mmoja. Unaandika kama mtu aliyeshindwa kujipanga, na sivyo. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona ni janga la dunia, shule na chekechea zilikuwa zimeanza kufungwa nchi baada ya nchi. Kufikia Aprili, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilihesabu wanafunzi wapatao bilioni 1.6 katika nchi zaidi ya 190 waliofungiwa milango, kuanzia chekechea hadi vyuo vikuu. Kila mtoto mdogo katika hesabu hiyo ana mtu mzima aliyekuwa akienda kazini kwa sababu mtu mwingine mzima, aliyefunzwa na anayelipwa, alikuwa akimlelea mtoto. Kazi ya walimu wale haikuisha siku milango ilipofungwa. Ilihamia majumbani, na kwako ikatua juu ya meza ya chakula, mbele ya mtu ambaye tayari alikuwa na kazi ya ofisi na kazi ya nyumba.

Na haikutua kwako kwa bahati mbaya. Mwaka 2018, kabla hata virusi hivi havijajulikana, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu kazi za malezi na nyumba zisizolipwa. Wanawake walikuwa wakizifanya kwa wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku, wanaume saa 1 na dakika 23. Kwa hiyo janga lilipoingia lilikuta njia imeshachimbwa, likafuata njia hiyohiyo. Bosi wako alipokuuliza wewe habari za watoto, na asiwepo wa kumuuliza mumeo, alikuwa anasema yale ambayo wengi wanayaamini bila kuyapima.

Jambo jingine niliseme waziwazi, maana naona akina mama wengi wanajiumiza kwalo. Kupiga hesabu za kampuni na kumlinda mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa wakati mmoja haiwezekani. Mtoto wa umri huo anapanda kila kitu, anatia mdomoni kila anachookota, anavuta waya wa pasi, na anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache tu. Anahitaji macho ya mtu mzima, na hesabu nazo zinahitaji macho hayohayo. Usijilaumu kwa kushindwa jambo ambalo hakuna aliyeliweza. Na wale wanaokushauri uamke saa 9 usiku umalize kazi kabla watoto hawajaamka, waambie umesikia, kisha endelea kulala.

Sasa tumrudie mumeo. Unasema si mtu mbaya, nami nakuamini. Ndiyo maana nadhani mazungumzo yenu yalikwama kwa sababu yalikuwa ya malalamiko kwa malalamiko. Safari hii nenda na karatasi. Wewe ni mhasibu, hii ni kazi unayoijua. Andika saa zote za siku upande mmoja, na upande wa pili uandike kila saa nani yuko na watoto na nani yuko kazini, kama ilivyo hasa, si kama mnavyotamani iwe. Kaeni watoto wakishalala, siku ambayo hakuna aliyekasirika, muitazame pamoja. Naamini hajawahi kuiona siku yako ikiwa imeandikwa.

Kisha mwekee pendekezo. Watoto wenu wanaamka saa 12 asubuhi na kulala saa 2 usiku. Mmoja wenu afanye kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana huku mwingine akiwa na watoto. Saa 6 mchana mbadilishane, na wa pili afanye kazi hadi saa 12 jioni. Kila mmoja anapata saa 6 zisizokatizwa. Mdogo akilala mchana, mwenye zamu ya watoto anapata nafasi ya kujibu barua pepe mbili tatu au kuketi tu. Zikipungua saa, mmoja wenu aongeze saa moja na nusu baada ya saa 2 usiku, mwingine apumzike, na usiku unaofuata mbadilishane. Saa 4 usiku kompyuta zote zizimwe. Mwenye mikutano mingi ya asubuhi achukue zamu ya asubuhi wiki hiyo, na Jumapili jioni mkae dakika kumi mtazame wiki inayokuja.

Kuna masharti mawili ambayo bila hayo mpango utakufa siku ya tatu. La kwanza, chumba ni cha mwenye zamu ya kazi. Zamu yako ikifika, wewe ndiye unayeingia na kufunga mlango, na yeye anatoka na kompyuta yake. La pili, mwenye watoto amekabidhiwa watoto kamili: chakula, nepi, kilio, kila kitu. Usitoke kumwonyesha nguo ziko wapi. Wakilia "mama", waache walie kwake. Wanakulilia kwa sababu mchana wewe ndiye wanayemfikia. Siku chache akiwa yeye ndiye anayefikiwa, watamlilia yeye. Najua hilo litakuuma zaidi ya kazi yenyewe, hasa kusikia mdogo analia upande wa pili wa mlango. Vumilia. Yuko na baba yake.

Kuhusu hoja ya mshahara mkubwa, mjibu kwa upole lakini usiikubali. Mshahara unaonyesha mwajiri analipa nini, hauonyeshi nani achoke. Tena katika kipindi hiki, ambapo kampuni iliyo imara leo inaweza kupunguza watu mwezi ujao, nyumba yenye mishahara miwili iko salama kuliko nyumba yenye mmoja mkubwa. Ukiacha kazi, hamtapoteza mshahara wa miezi hii tu. Mtapoteza michango yako ya pensheni na nafasi ambayo itakuwa ngumu kuirudia wakati watu wengi wanatafuta kazi kwa pamoja. Kwa kuilinda kazi yako, anajilinda na yeye.

Na akina baba mnaosoma hapa, sitaki mjisikie mmesemwa. Najua wengi wenu mnaogopa kumwambia bosi "mchana niko na watoto" kwa sababu hamjawahi kumsikia mwanamume akisema hivyo kazini. Semeni. Mkishasema wachache, mama wa jirani anayefanyia kazi kwenye meza ya chakula hataulizwa tena peke yake.

Bosi wako ndiye wa pili wa kuandikiwa karatasi. Usisubiri akuulize tena mkutanoni, na usiombe radhi kwa kuwa na watoto. Mwandikie jambo linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Kwa mfano hivi:

"Kutokana na kufungwa kwa chekechea, kuanzia Jumatatu nitakuwa kazini bila kukatizwa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 12 jioni. Asubuhi nitakuwa na watoto, na nitapatikana kwa simu kwa dharura tu. Hesabu za mwisho wa mwezi na mishahara zitafika tarehe zilezile. Naomba ripoti ya kila wiki iwe ya kila baada ya wiki mbili, na mikutano inayonihitaji ipangwe mchana. Napendekeza tuupitie mpango huu baada ya wiki 6."

Angalia kilichomo. Umetaja saa, umetaja kazi ambayo haitachelewa, na umetaja kitu kimoja cha kupunguza. Hiki cha mwisho wengi hukiogopa, wakaahidi saa 8 kamili za kazi kisha wakaziiba usingizini. Siku ina mwisho. Kama saa zimepungua, lazima na kazi fulani ipungue, na ni afadhali mchague pamoja ipi ipungue kuliko ipungue yenyewe kwa makosa ya hesabu saa 7 usiku. Akikataa, uliza kwa maandishi kuhusu likizo ya mwaka unayoweza kuichukua nusu siku nusu siku, kupunguziwa saa kwa muda, au likizo bila malipo. Hayo yote yako kabla ya kuacha kazi, na kila moja lina njia ya kurudi.

Ikitokea ukatishiwa kufukuzwa kwa sababu ya watoto, waone chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi ya serikali kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, na ibara yake ya 8 inasema majukumu hayo peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Unazibana nchi zilizouridhia, kwa hiyo uliza kama yenu ni mojawapo na sheria yenu ya kazi inasemaje.

Ada ya chekechea: muulize mwenye kituo fedha hiyo inakwenda wapi. Kama inawalipa walimu ili wasitawanyike, na mnaweza, lipeni hata kidogo. Wale ndio mtakaowahitaji siku ya kufungua. Kama hana jibu, ombeni wazazi kwa pamoja mazungumzo.

Mama mkwe nimemfikiria sana. Watu wenye zaidi ya miaka 60 na wenye shinikizo la damu ni miongoni mwa wanaoumizwa zaidi na korona, na watoto wadogo wanaweza kuwa na virusi bila kuonyesha dalili kubwa. Kwa hiyo asije kwa kwenda na kurudi, mara kwenu, mara kwake, mara sokoni. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Mnaweza kuchagua moja kati ya mbili. Ama aje kukaa, na kabla ya kuja ninyi nyote na yeye mjitenge siku 14, kisha nyumba yenu ijifunge kwelikweli. Ama abaki kwake, na asaidie kwa simu ya video. Usiidharau hiyo ya pili. Bibi anayemsimulia mjukuu wa miaka 4 hadithi kwa nusu saa kila siku, saa ileile, anampa mtoto jambo la kulisubiri. Mwache yeye mwenyewe achague baada ya kuelezwa hatari. Ni mtu mzima na afya ni yake.

Kama mamlaka za afya mahali mlipo zinaruhusu, kuna msaada mwingine unaoweza kuwa karibu zaidi: familia moja, narudia moja, yenye watoto wa umri wa wenu na inayojilinda kama ninyi. Mkubaliane kuchangamana wenyewe kwa wenyewe tu na kupokezana watoto siku mbili kwa wiki. Mkubaliane pia mapema kwamba mtu wa upande wowote akikohoa au kupata homa, mnaambiana siku hiyohiyo na mnasimamisha.

Katuni sasa. Nadhani umesoma ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019, kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Uliandikwa wakati chekechea ziko wazi. Sikwambii uutupe, ila usome wote. Mwongozo huohuo unasema mtoto wa miaka 3 au 4 apate usingizi wa saa 10 hadi 13, na mwendo wa mwili wa dakika 180 katika siku nzima. Wa mdogo wako ni usingizi wa saa 11 hadi 14, na mwendo dakika zilezile 180. Basi anza na hayo. Binti akilala vizuri, akiruka na kukimbia vya kutosha, na akapata mtu wa kuzungumza naye, katuni za ziada wakati wa mkutano hazitamharibu. Zamu zikianza, zitapungua bila vita.

Nimemwacha binti mwisho kwa sababu ndiye aliyekufanya ulie. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena baada ya maisha kugeuka ghafla ni jambo ambalo madaktari wa watoto hukutana nalo mara kwa mara. Amepoteza walimu, marafiki na njia ya kila asubuhi, na hana maneno ya kulisema hilo. Usimwadhibu, usimwaibishe mbele ya mdogo wake. Badilisha shuka bila hotuba. Mpe maji ya kutosha mchana, na mpeleke chooni kabla ya kulala. Katika zamu yako ya asubuhi, tenga dakika 20 ambazo ni zake, simu ikiwa chumba kingine, na yeye ndiye achague mchezo. Baba naye afanye vivyo hivyo katika zamu yake. Mwambie pia ukweli mfupi: "Chekechea imefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Hukukosea kitu. Mwalimu hajakusahau." Watoto wa umri wake hujidhania wao ndio chanzo cha mambo, na hawaulizi. Kuhusu mdoli, usimkataze mchezo ule. Kaa naye, uwe wewe mdoli, umsikie anasema nini kingine.

Ila ukiona analalamika maumivu akikojoa, ana homa, anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa mno hata mchana, anapungua mwili, au anapata choo kigumu kwa siku nyingi, usisingizie korona. Mpeleke kwa daktari bila kungoja.

Mpango huu upeni wiki 6. Zikiisha na mumeo amekataa zamu, au bosi amekataa kila ulichoomba, fungua ile barua yako uisome tena ukiwa umelala vya kutosha, kisha uniandikie kabla ya kuituma.

Shangazi